Jina la Mtu Aliye Hai

Tiberia, mwezi wa Iyari, mwaka 5581 tangu kuumbwa kwa ulimwengu

Kwa Berish, ndugu yangu wa moyo,

Tumefika! Weka chini pipa lako la samaki, futa mikono, kaa, kisha soma tena: Getzel na Fradel wake wamefika Nchi Takatifu, wazima.

Safari nisikuchoshe nayo. Fradel alitapika kutoka Odesa hadi Akka, na bado akapata nafasi ya kumgombeza nahodha. Sasa tuna chumba cha mawe karibu na ziwa. Kuhusu kazi, cheka utakavyo: fundi vioo amehamia mji usio na vioo. Dirisha la huku ni tundu na ubao. Fradel anasema ameolewa na kinyozi aliyehamia nchi ya vipara.

Lakini moyo, Berish! Unakumbuka mwalimu wetu Rebe alivyotushika mikono, wako na wangu, akasema: “Kila wiki mmoja amwambie mwenzake yaliyomo moyoni, mazuri na mabovu. Anayemficha rafiki yake leo, kesho atajaribu kumficha Mungu.” Miaka yote tumelitimiza hilo kwenye benchi la hamamu kila Ijumaa, tukitoka jasho na kusema ukweli. Benchi sasa limekuwa refu, linavuka bahari. Basi haya ndiyo yaliyomo moyoni mwangu: furaha tupu. Siku tuliyoingia nilicheza njiani, katikati ya punda na wauza matango, kama tunavyocheza mezani kwa Rebe sikukuu ya Torati. Kwenye makaburi ya watakatifu nililia hadi ndevu zikalowa. Nikiomba, maneno yananitoka kama moto.

Mwambie Rebe. Mwambie yote neno kwa neno, na umkumbushe ahadi aliyompa Fradel, kwamba hewa ya huku itampa mtoto.

Msalimie Toiba wako.

Getzel


Torchivka, mwezi wa Elul, 5581

Ndugu yangu Getzel,

Barua yako imefika siku ya soko. Niliisoma nikiwa nimesimama, na wateja wakanipigia kelele, “Berish, samaki au barua?” Nikawaambia leo samaki wajiuze wenyewe.

Sisi hatujambo. Mvua ni nyingi, matope yanafika magotini. Toiba anakusalimu na kuuliza kama kweli huko watu hula matunda yaliyokauka na kuyaita chakula.

Unauliza habari za Rebe. Rebe yuko katika utulivu. Unaujua mgongo wake ulivyokuwa ukimtesa. Tangu Tamuzi hajaulalamikia hata mara moja. Nilisimama mbele yake nikamsomea barua yako yote, neno kwa neno, kama ulivyoagiza. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Ahadi yake kwa Fradel iko palepale, wala asiwe na shaka.

Nawe endelea hivyohivyo, ndugu yangu. Furaha yako imekuwa mkate wetu huku. Nikiona mambo mazito, natoa barua yako mfukoni, nasoma pale unapocheza na punda, halafu narudi kazini.

Ukiniuliza yaliyomo moyoni mwangu, wiki hii ni samaki tu na uchovu.

Wako,
Berish


Tiberia, mwezi wa Teveti, 5582

Shemeji Berish,

Getzel hajui kwamba nakuandikia. Amelala, uso ukutani, na ni saa sita mchana.

Wewe ni mtu wa kweli, kwa hiyo nakuambia kweli. Barua ile ya kwanza mume wangu alikuandikia uongo. Eti alicheza njiani? Alikaa juu ya mzigo wetu, akatazama huku na huku, akaniuliza, “Ndiyo hii?” Kwenye makaburi ya watakatifu hakulia, alifukuza nzi. Aliomba, akangoja, akaomba tena, kisha akaniambia, “Fradel, kule kwa Rebe, mezani tu, na supu inapoa, nilikuwa nawaka. Hapa nimesimama mlangoni pa mbingu na sisikii kitu.” Nikamwambia mwandikie Berish. Akasema, “Nimwandikie nini? Yeye na wenzetu walinisaidia kuuza mpaka meza yangu ili nije huku. Nimwambie nimekuta nzi?”

Hata hivyo alikuwa anavumilia. Anatoka, anarudi, anatania. Majira haya ya baridi ndipo alipovunjika. Barua yako ilipofika aliisoma, akacheka kicheko ambacho sikukipenda, akageukia ukuta. Tangu hapo haendi sinagogi. Shali yake ya sala imekunjwa, imewekwa juu ya rafu kama nguo ya maiti. Nikimuuliza, “Una nini?” ananijibu, “Sina kitu. Hiyo ndiyo shida yenyewe.”

Shemeji, nina mimba. Baada ya miaka yote ile, kama Rebe alivyosema. Getzel nilipomwambia alifurahi, nikamwona akifurahi, na muda si mrefu akaanza kuzama. Nitazaaje mtoto kwa baba aliyekwisha kujizika?

Nenda kwa Rebe. Mwambie yote. Mwambie Fradel anangoja neno. Na tafadhali, usiniletee maneno matamu ya kutuliza watoto; niletee maneno ya Rebe.

Fradel


Torchivka, mwezi wa Nisani, 5582

Getzel,

Shemeji ameniandikia. Usimgombeze, la sivyo nitakuja mwenyewe kwa miguu, na miguu yangu unaijua inavyonuka.

Nilikwenda kwa Rebe. Nilifunga duka, nikachukua njia ya nyuma ya kinu, nikakaa naye tangu asubuhi hadi sala ya alasiri. Nilimweleza mambo ya ukuta, shali, nzi, yote. Nikamwambia Getzel anasema amesimama mlangoni na hakuna anayeitika. Na haya ndiyo aliyosema, nayaandika kama nilivyoyapokea:

“Mwambie Getzel hivi. Umegonga mlango, hukuitikiwa, ukasema nyumba ni tupu. Je, umegeuka kutazama nyuma yako? Mwenye nyumba hayumo ndani. Tangu siku tulipofukuzwa kwetu alitoka pamoja nasi, hajarudi. Amesimama hapo nje, kwenye baridi ileile, bega kwa bega nawe, anagonga mlango mmoja na wewe. Unamtafuta mbele, naye yuko ubavuni.

“Tena mwambie: moyo mkavu si moyo uliokufa. Samaki mbichi huliwa palepale alipovuliwa, jioni hana habari. Aliyekaushwa kwa chumvi ndiye anayevuka milima akalishe watu ambao hawajawahi kuona bahari. Huenda kuna mtu huko ambaye chakula chake ni ukavu wako.

“Kama huwezi kuomba kwa ajili yako, usiombe kwa ajili yako. Vaa shali yako, utoke, umtafute mtu asiyeweza kusoma, umsomee yeye. Midomo itakuwa yako, moyo utakuwa wake. Wawili mtatimiza Myahudi mmoja, na Mungu hajawahi kukataa hesabu hiyo.”

Hayo tu. Kisha akanyamaza, nami nikarudi dukani.

Ndugu yangu, inuka. Usipoinuka kwa ajili yake, inuka kwa ajili yangu. Sina mwingine wa kumwambia ukweli.

Berish


Tiberia, mwezi wa Av, 5582

Shemeji Berish,

Nina mtoto wa kiume. Nakuandikia anaponyonya, kwa hiyo mwandiko usiuulize.

Nianze mwanzo. Barua yako ilifika mimi nikiwa na tumbo kama pipa lako. Getzel aliisoma amesimama. Alipofika katikati nikaona mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Akasoma tena. Akaikunja, akashusha shali rafuni, akaipiga vumbi, akatoka bila hata kuniaga. Nilimfuata kwa macho kutoka dirishani, mkono mdomoni.

Mtaa wa pili kuna bibi mmoja, Bi Freha, wazee wake walitoka Maghrebi. Macho yake yamekwisha, na mwanawe wa pekee alikwenda safari ya Halabu hajarudi. Getzel akabisha hodi. Lugha yake hatuijui, yetu haijui. Wanazungumza kwa Kiebrania cha vitabuni, kama manabii wawili wagonjwa. Akamwambia amekuja kumsomea Zaburi. Akaanza. Bibi akamsikiliza kidogo, akainua mkono: “Mwanangu, ngoja. Hayo ni maneno ya Daudi au ni mbuzi anakohoa?” Maana wao na sisi hatutamki sawa. Getzel akasema, “Ni Daudi, bibi, ila amekulia kwenye theluji.” Bibi akacheka hadi akashika ubavu. Kisha akasema, “Soma basi, mbuzi wangu. Mwanangu jina lake ni Yahya. Kila mstari umtaje.”

Akasoma hadi akafika mahali ambapo bibi alimshika mkono, wakalia wote wawili. Alirudi nyumbani akala sahani nzima ya dengu. Kesho yake akaenda tena. Tangu hapo haachi. Asubuhi yuko kwa bibi, jioni yuko sinagogi na wenzake. Haniambii kwamba anawaka. Ananiambia, “Fradel, leo sikuwa peke yangu.” Kwangu hiyo inatosha.

Mwisho wa Tamuzi nikajifungua. Sasa sikiliza.

Siku ya tohara wanaume walijaa chumbani, sisi wanawake tuko nyuma ya pazia. Rabi akauliza mtoto ataitwa nani katika Israeli. Nilikuwa nimetulia, najua ni Yosefu, jina la marehemu baba yangu, tulishakubaliana. Getzel akasema kwa sauti, “Meshulam.”

Shemeji, nilisahau maumivu yangu yote nikapiga kelele: “Getzel! Umerukwa na akili? Unampa mtoto jina la Rebe? Unamuua Rebe!” Maana nani asiyejua kwamba kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai? Ni kama kumwita Malaika wa Mauti na kumwonyesha nyumba. Wanawake wakanishika. Getzel akaja kwenye pazia, mtoto mikononi, akaniambia polepole, “Fradel, huwezi kumuua. Amekwisha kufa. Tangu Tamuzi ya mwaka jana.”

Mwaka jana! Kabla hujatuandikia barua hata moja. Nikakumbuka nilivyokuomba usiniletee maneno matamu. Nilikaa siku nzima nikikulaani, kisha nikamsikia Getzel uani akimwimbia mtoto, nikaacha. Sijui nikulaani au nikupikie. Ungekuwa karibu ningefanya yote mawili.

Mume wangu ana barua yake, ameiweka pamoja na hii. Amenikataza kuisoma.

Fradel, mama Meshulam


Tiberia, siku hiyohiyo

Berish, ndugu yangu,

Usiogope kufungua barua hii.

Nilijua. Nilijua tangu Heshvani, mwanzoni mwa mwaka huu. Nilikuwa kwenye chemchemi ya maji ya moto nje ya mji, nikakutana na msafiri wa kutoka Brodi. Nikamwambia natoka Torchivka. Akasema, kama mtu anayesema habari za mvua, “Aa, kwa Rebe Meshulam, apumzike Edeni. Mazishi yake yalikuwa makubwa.” Nilikaa ndani ya maji hadi wakaniita nitoke. Fradel ndiyo kwanza alikuwa ameniambia habari za mimba, na ahadi ya Rebe ndiyo mto aliolalia. Ningeuvutaje? Nikanyamaza. Sikukaa chini kuomboleza, sikuchana nguo.

Kisha ikaja barua yako: Rebe ametulia, mgongo haumsumbui, alisikiliza bila kukukatiza. Rebe, Berish! Mtu ambaye hakuwahi kumwacha mtu amalize hata “Sabato njema”! Hapo ndipo nilipogeukia ukuta. Rebe nilikuwa nimempoteza; sasa na wewe, ambaye hujawahi kunificha hata ndoto zako mbaya, ulikuwa umeniachia mkono.

Barua ya pili nilitaka kuitupa. Nilisoma kwa hasira. Nikafika kwenye samaki wa chumvi. Rebe wetu hakumgusa samaki huyo maisha yake yote, alisema anampa kiungulia. Nikajua sauti ni ya nani. Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka. Nikakuona: Berish anayeogopa uongo kuliko moto, anayemwongezea mteja samaki aliyepungua kwenye mizani, amekwenda kukaa makaburini nyuma ya kinu tangu asubuhi, akasimama, akaibeba dhambi hii yote mgongoni ili mimi niinuke. Nikajiambia: ikiwa mtu huyu amekubali kusimama mbele ya hukumu na uongo huu mkononi kwa ajili yangu, basi sijatupwa. Umeandika mwenye nyumba amesimama ubavuni anagonga. Niligeuka, Berish, nikakukuta wewe. Na nyuma yako nadhani kulikuwa na Mwingine.

Sikukuandikia kwamba najua, kwa sababu niliogopa maneno yatakoma. Huo ndio uongo wangu wa pili. Wa kwanza Fradel amekwisha kukuambia.

Maneno yale nimewaambia wenzangu kwenye meza ya Sabato. Waliniuliza ni ya nani. Nikasema ni ya Rebe Berish wa Torchivka. Mzee mmoja akasema, “Simjui, lakini mwambie aendelee.” Basi nakuambia: endelea, ila utie jina lako.

Na jambo moja nakuomba, kwa haki ya mikono yetu iliyoshikwa pamoja. Niambie alivyokufa. Sikumlilia bado.

Getzel


Torchivka, mwezi wa Kislevu, 5583

Getzel,

Barua zenu nilizisoma nyuma ya mapipa, mlango umefungwa. Toiba alinikuta. Alikaa chini kando yangu, kwenye maji ya chumvi, na gauni lake la Sabato.

Unataka kujua. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Tamuzi. Joto lilikuwa kali, wakakisogeza kitanda chake karibu na dirisha lile ulilolitia kioo mwenyewe. Chumba kilijaa. Wenzetu walitaka neno la mwisho, kila mmoja ameinamisha sikio. Alifumbua macho akatutazama mmoja mmoja, akaniona. Akasema, “Yule wa pili yuko wapi?” Nikasema, “Getzel amekwenda Nchi Takatifu, Rebe, ulimbariki mwenyewe.” Akauliza, “Amefika?”

Hakuna aliyejua. Barua yako ilikuwa bado baharini. Nikaona yeye anangoja. Nikasema, “Amefika, Rebe. Anacheza njiani.” Akatabasamu. Akasema, “Basi vizuri,” akageuza uso dirishani. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Waliokuja na karatasi za kuandikia neno hilo walisikitika; mimi sijasikia fundisho kubwa zaidi. Mtu anakufa, na anataka kujua kama fundi vioo amefika.

Mwezi uliofuata ikaja barua yako: nilicheza njiani. Nikasema, Mungu ameufanya uongo wangu kuwa kweli, basi ni yeye anayetaka uwe na furaha. Mimi ni nani niivunje? Nikaenda kaburini kwake nikamsomea barua yako hapo, na kweli hakunikatiza. Sasa najua kwamba ulikuwa umekaa juu ya mzigo. Tulimdanganya wote wawili, kila mmoja upande wake wa bahari, na yeye akaondoka ameridhika. Kama kuna adhabu, tutagawana.

Maneno yale sijui yalitoka wapi. Nilikaa kwenye nyasi tangu asubuhi nikimsihi, “Rebe, sema kitu, mtu anazama.” Kimya. Alasiri nikachoka, nikaanza kukujibu mimi, kwa sauti, na sikuogopa, kwa sababu nilikuwa najua jinsi yeye anavyokupenda. Unaniambia niendelee kwa jina langu. Nimejaribu, Getzel. Nimekaa mbele ya karatasi tangu sala ya asubuhi, na Berish hana neno. Berish ana hili tu: kwamba pengo lako halizibiki, kwamba kwenye hamamu nakaa mwisho wa benchi kama vile mtu atakuja kukaa, na kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu Tamuzi ile, sina kitu ninachokuficha.

Wenzetu wengi wamekwenda kwa marebe wengine. Tumebaki wachache, tunakutana Sabato alasiri mezani kwake, tunakula mkate na kuangalia kiti. Hatukuwa tukiimba. Sabato iliyopita niliwaambia yote: uongo wangu, ukuta wako, Bi Freha na mbuzi wake. Kwenye mbuzi walicheka hadi mzee Zanvil akapaliwa na mkate. Kisha nikawaambia habari ya tohara, Fradel alivyopiga kelele nyuma ya pazia, na jina. Zanvil akaanza kuimba, ule wimbo wa Rebe usio na maneno, tukamfuata wote. Tuliimba hadi nyota zikatoka na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.

Mwambie shemeji anilaani kwanza, halafu anipikie. Nimekubali yote mawili. Na wewe mtoto akikua kidogo, mwite kwa jina lake, kwa sauti, mara nyingi, hata kama humtumi kitu. Sisi huku tunalitaja jina hilo kila siku, na hakuna anayeitika.

Berish, muuza samaki